Deni Lililokwisha Kulipwa

Masomo: Yeremia 32:6-15, Nehemia 5:1-13, Wakolosai 2:13-15

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo halisemwi sana mimbarani, ingawa linawanyima usingizi wengi wanaokaa mbele ya mimbara hiyo. Jambo lenyewe ni deni ambalo mtu amekwisha kulilipa, naye bado anadaiwa. Na kwa sababu ya deni hilo shamba lake au nyumba yake imefungwa katika daftari la ardhi, hata asiweze kuiuza, wala kuwagawia watoto wake, wala kulala humo kwa amani.

Waumini kadhaa wametujia na habari za namna hii. Mmoja alikopa fedha za karo akaweka hati ya shamba rehani. Mwingine alijengewa nyumba, akamlipa fundi hadi senti ya mwisho, kisha akasikia kwamba fundi yule amekwenda ofisi ya ardhi kuweka zuio. Hatutataja majina yao wala ya waliowadai. Lakini swali lao lilikuwa moja: Je, yampasa Mkristo anyamaze na kumwachia Mungu, au asimame na kudai haki yake? Na wengine waliuliza kwa sauti ya chini zaidi: Je, si afadhali nilipe mara ya pili ili yaishe?

Swali hili si dogo. Basi na tulitazame katika nuru ya Neno la Mungu.

1. Mungu hapuuzi hati na mashahidi

Wako wanaodhani kwamba mambo ya stakabadhi, sahihi na mihuri ni ya dunia tu, wala hayamhusu mtu wa kiroho. Nabii Yeremia hakuona hivyo. Ulikuwa mwaka wa kumi wa mfalme Sedekia. Majeshi ya Babeli yalikuwa yameuzingira Yerusalemu, na nabii mwenyewe alikuwa amefungwa katika uwanja wa walinzi. Wakati huo ndipo alipoambiwa na Bwana anunue shamba la jamaa yake Hanameli huko Anathothi.

Angalieni alivyofanya. Alipima fedha katika mizani, shekeli kumi na saba. Akatia sahihi hati, akaipiga muhuri, akaita mashahidi. Zilikuwako hati mbili, moja imefungwa kwa muhuri na moja iko wazi. Zote mbili akampa Baruku mbele ya watu wote waliokuwa wameketi uwanjani, akamwagiza azitie katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi.

Mji ulikuwa karibu kuanguka, na nabii alijua hivyo, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeuhubiri. Lakini hakusema, "Ya nini kuhangaika na karatasi?" Hati ile ilikuwa ushahidi wa ahadi ya Mungu kwamba nyumba na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile. Kwa hiyo mzee anayehifadhi risiti zake katika sanduku la bati chini ya kitanda, asichekwe. Anafanya kazi ya Baruku.

2. Tuanze kwa kujichunguza

Kabla hatujamshitaki mwingine, yatupasa kuwa na hakika kwamba deni limelipwa kweli. Mtume Paulo, katika Warumi 13, atufundisha tusiwe na deni kwa mtu ye yote ila lile la kupendana. Wako watu wasemao "nimekwisha kulipa" hali wamelipa mtaji tu, wakasahau riba waliyokubali kwa sahihi yao wenyewe. Wako waliolipa kwa maneno. Wako pia wanaoona haya kusoma mkataba wao, wakategemea kumbukumbu zao kuliko maandishi.

Mtu wa namna hii akisimama kwa ukali ofisini na kudai kwamba ameonewa, analiaibisha jina la Kristo. Basi, ndugu, ombeni taarifa ya hesabu yote kwa maandishi, tangu siku ya kukopa hadi leo. Ketini na mtoto anayejua hesabu, linganisheni mstari kwa mstari na risiti zenu. Mkiona bado mnadaiwa, lipeni. Mkiona hamdaiwi, simameni.

3. Kulipa mara mbili si kuleta amani

Mjane mmoja wa parokia hii aliletewa barua iliyosema kwamba mkopo wa marehemu mumewe haujaisha, na kwamba shamba litauzwa kwa mnada. Mumewe alikuwa amekopa katika chama cha akiba, akaweka rehani hati ya shamba, na alimaliza kulipa kabla ya kufa. Mama huyu alijua hivyo, lakini hakujua pa kuanzia. Shemeji zake walimwambia, "Mama, lipa tu yaishe." Hata katika ushirika wa maombi wako waliomkumbusha mafundisho ya Bwana juu ya kumwachia joho yule anayekutaka kanzu. Akauza ng'ombe mmoja. Alikuwa amekwisha kupata mnunuzi wa ng'ombe wa pili.

Ndipo alipozipata risiti. Wazee wawili wa kanisa wakafuatana naye mpaka ofisini. Walipokazana kuomba daftari lifunguliwe, ikaonekana kwamba malipo ya miezi ya mwisho yaliandikwa katika hesabu ya mwanachama mwingine ambaye namba yake ilifanana na ya marehemu. Ilichukua miezi kumi na mmoja mpaka rehani ikaondolewa. Ng'ombe hakurudi.

Sasa fikirini. Kama mama huyu angelipa mara ya pili, je, amani ingepatikana? Uongo ungekaa salama katika daftari. Yule mwanachama mwingine angeendelea kudhani kwamba deni lake limepungua, kumbe ni jasho la marehemu lililompunguzia. Karani angeendelea kukosea. Na mjane mwingine angeandikiwa barua kama ile ile. Amani ya namna hiyo ni sawa na kufukia moto kwa majani makavu.

Lakini je, tuseme nini juu ya maneno ya Bwana katika Mathayo 5, na ya Paulo katika 1 Wakorintho 6, anapowauliza ndugu kwa nini wasikubali kudhulumiwa kuliko kushitakiana? Hatuwezi kuyaruka. Yana nguvu, na wako watakatifu walioyatii kwa kuacha mali zao kwa furaha. Lakini tuyasome vizuri. Bwana asema na mwenye joho. Yeye anaweza kulitoa, kwa kuwa ni lake, naye amelitoa kwa hiari. Hakuna mahali ambapo Bwana amempa jirani ruhusa ya kutoa joho la mjane. Mzee anayemshauri mama mwenye watoto wanne aache shamba kwa ajili ya utulivu, anatoa sadaka ya mali isiyo yake.

Tena Paulo aliyewaandikia Wakorintho hayo ndiye aliyekataa kutoka gerezani Filipi kwa siri. Walikuwa wamempiga hadharani bila hukumu, naye ni raia wa Rumi. Akataka wakubwa wa mji waje wenyewe wawatoe, yeye na Sila. Twayasoma hayo katika Matendo 16. Na katika Matendo 25 alikata rufani kwa Kaisari. Hakutafuta kisasi, wala fidia hakuomba. Alitaka ukweli ujulikane, na kanisa changa la Filipi lisibaki na sifa ya kuongozwa na wahalifu. Upole wa Kikristo haukubali kamwe kutia sahihi chini ya uongo.

4. Njia ya kufuata

Nehemia alipopata habari kwamba wakuu wamechukua mashamba, mizabibu na nyumba za ndugu zao kwa sababu ya madeni, alikasirika sana. Biblia haifichi hasira yake. Lakini angalieni mpango wake. Kwanza alifanya shauri moyoni mwake. Kisha akawakabili wahusika wenyewe. Kisha akaita mkutano mkubwa. Mwisho akawaapisha mbele ya makuhani, ili ahadi isibaki maneno matupu. Bwana wetu naye, katika Mathayo 18, ametupa utaratibu unaofanana na huo: nenda peke yako; asiposikia, chukua mmoja au wawili; asiposikia bado, liambie kanisa.

Tukiufuata utaratibu huu katika Kenya yetu ya leo, mambo yatakuwa hivi.

Kwanza, jueni kwamba kulipa deni ni jambo moja, na kufutwa kwa rehani katika daftari la ardhi ni jambo la pili. Wengi hulipa, hupewa barua ya kuwashukuru, hurudi nyumbani wakiimba. Miaka ishirini baadaye watoto wanataka kugawana shamba, na daftari bado linasema lina rehani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inampa mtu aliyelipa fedha zote na kutimiza masharti haki ya kuondolewa rehani. Lakini lazima hati ya kuiondoa iandikwe, itiwe sahihi na mkopeshaji, ipelekwe kusajiliwa. Msitosheke mpaka mmeomba ofisi ya ardhi nakala rasmi ya yaliyomo katika daftari, mkaona kwa macho yenu kwamba mstari ule umefutwa.

Pili, andikeni barua. Ofisi husahau maneno ya mdomo. Wekeni tarehe, elezeni deni lililipwa lini na kwa risiti zipi, ombeni jibu. Pelekeni nakala za risiti, wala msitoe zile za asili. Nakala ya barua yenu ipigwe muhuri wa kupokewa. Na waliolipa kwa M-Pesa wasitegemee simu tu, maana simu huibiwa na huanguka mtoni. Ombeni orodha ya malipo, mchapishe, mtie sandukuni.

Tatu, asiyepata jibu aende na mashahidi wawili. Wasiwe watu wa kelele. Wawe watu wanaojua kusoma na kusubiri. Wazee wa kanisa na viongozi wa Umoja wa Akina Mama wasione kazi hii kuwa nje ya wito wao. Kumsindikiza mjane kwenye ofisi yenye foleni ndefu ni huduma kama kumtembelea mgonjwa.

Nne, msipuuze barua zinazotisha, hata kama ni za uongo. Kwa sheria hiyo ya 2012, mkopeshaji hawezi kuuza ardhi kwa ghafula. Sharti atoe notisi ya muda usiopungua miezi 3 ili mkopaji alipe, na baadaye notisi nyingine ya siku zisizopungua 40 kabla ya kuuza. Siku hizo ni za kutumika. Mwenye kuzifungia barua kabatini kwa hofu, akangoja dalali abishe mlango, amejifungia mwenyewe njia.

Tano, kama ni zuio lililowekwa na mtu asiye na haki, Msajili wa ardhi anaweza kuombwa amwandikie aliyeliweka na kumpa muda wa kupinga. Asipopinga, linaweza kuondolewa. Akipinga, shauri husikilizwa, na mahakama pia ina uwezo wa kuliondoa. Tena Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema kwamba anayeweka zuio au kuling'ang'ania bila sababu ya haki anaweza kudaiwa fidia na yule aliyepata hasara. Asiye na fedha za wakili asikate tamaa. Iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, iliyotungwa kwa ajili ya watu wa namna yake. Kwenda mahakamani kwa ukweli, baada ya njia nyingine zote kujaribiwa, si dhambi. Yule mjane wa Luka 18 alimwendea kadhi dhalimu mara nyingi, na Bwana hakumlaumu.

5. Kwa ninyi mnaoshika hati za wengine

Hatuwezi kusema na wadaiwa tu. Katika viti vya kanisa letu wanaketi pia wakopeshaji, makarani, waweka hazina wa vyama, wenye nyumba za kupangisha, wenye maduka na walimu wakuu. Kwenu ninyi Torati ina neno. Katika Kumbukumbu la Torati 24, mdai anakatazwa kuingia nyumbani kwa mdaiwa kuchukua rehani. Asimame nje, aletewe. Anakatazwa kuchukua jiwe la kusagia, kwa maana hapo anachukua uhai wa mtu. Na vazi la maskini lirudishwe jua lichwapo, apate kulala nalo.

Haya yalisemwa juu ya mtu ambaye bado anadaiwa! Ikiwa Mungu anamlinda hivyo mwenye deni, je, si zaidi yule asiye nalo tena? Kila siku unayokaa na hati ya mtu aliyekwisha kulipa, unalalia vazi lake. Karani asiseme, "Ni kosa la daftari." Daftari halijiandiki. Mwalimu asishikilie cheti cha mtoto ambaye karo yake imekwisha kulipwa, eti mpaka mzazi aje "kuzungumza". Mwenye duka afute jina la mteja siku ile ile anayolipa, mteja akiona. Na sisi wa parokia, katika kitabu cha ahadi za harambee, aliyetoa mchango wake asisomwe tena kanisani miongoni mwa wasiotoa.

Ni heri kuutafuta mwenyewe ukweli kuliko kungoja kuletewa na wazee wawili.

6. Hati iliyogongomewa msalabani

Kwa nini jambo hili ni zito hivi kwa Mkristo? Kwa sababu Injili yenyewe inasemwa kwa mfano wa deni. Mtume Paulo, katika Wakolosai 2, asema iko hati iliyotushitaki, na Kristo ameifuta, ameiondoa, ameigongomea msalabani. Neno la Kiyunani alilotumia maana yake ni maandishi ya mkono, yaani karatasi ambayo mdaiwa mwenyewe ameandika kwamba anadaiwa. Ndivyo Paulo alivyomwandikia Filemoni kwa mkono wake mwenyewe, akiahidi kulipa hasara ya Onesimo.

Hapa sisi tunatofautiana na yule mjane. Yeye alidaiwa kwa uongo. Sisi tulidaiwa kwa kweli. Sahihi ilikuwa yetu. Lakini malipo yalifanyika, tena mara moja tu. Ndiyo imani tunayoikiri kila tunapoikaribia Meza ya Bwana: sadaka ile ni moja, inatosha, hairudiwi.

Hata hivyo adui hachoki kuleta ankara ya zamani. Usiku mtu anapolala, dhambi aliyoitubu miaka kumi iliyopita inasimama tena kitandani ikidai. Wengi wetu tunajaribu kuilipa mara ya pili kwa kufunga kwa hofu, kwa sadaka za woga, kwa machozi yasiyoisha. Ndugu, hayo hayaleti amani, kama vile ng'ombe wa pili asingeleta amani. Onyesheni stakabadhi. Semeni, "Deni hili lilikuwa langu, nalo limekwisha kulipwa na Bwana wangu."

Na mtu aliyesamehewa deni la kweli atamtendeaje yule aliyemdai deni la uongo? Yule mtumwa wa Mathayo 18 alitoka kusamehewa mengi akamkaba koo mwenzake kwa machache. Tusifanane naye. Tudai daftari lisahihishwe, lakini tusimtakie karani njaa. Msamaha hauondoi haja ya kulisahihisha daftari, wala daftari likisahihishwa haliondoi haja ya kusamehe. Yote mawili ni kazi ya Mkristo, na mara nyingi ile ya pili ndiyo nzito zaidi.

Basi, aliye na hati nyumbani aitazame juma hili. Aliye na hati ya mwingine airudishe juma hili. Na anayeonewa asikae peke yake na barua yake. Aje, tutaketi naye, tutasoma pamoja.

Tuombe.

Ee Mungu wa haki, usiyepokea uso wa mtu wala rushwa, uwakumbuke wote wanaodaiwa wasichodaiwa. Uwape subira ofisini, ujasiri wa kusema kweli, na mioyo isiyotunza uchungu. Uwaguse walioshika mali ya wengine, wapate kuirudisha kabla jua halijachwa. Nasi sote utufundishe kuitegemea sadaka ya Mwanao iliyotolewa mara moja kwa ajili yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.